Sahani Tatu Juu ya Paa

Video niliyoletewa ilikuwa na mlima,
theluji kileleni, mto ukishuka mbio,
mshale wa buluu ukipanda mawinguni
na sauti ya mtu asiyewahi kuteka maji ikisema:
"Hivi ndivyo maji yasafirivyo."

Niliirusha kwenye shuka la mke wangu,
lile lenye doa la hina pembeni.
Watoto thelathini na wanane wa Siyu
wakatazama kwa adabu, kama wageni ukumbini.
Kisha Mwanajabu Famau, wa dawati la dirishani:
"Mwalimu, na sisi tusio na mlima?"

Jibu nilikuwa nalo. Mwalimu hakosi jibu,
hulala naye mfukoni pamoja na chaki.
Siku hiyo nililiacha lilale.
Nikawapa kishikwambi, kimoja, kioo kina ufa,
nikasema, "Haya, nionyesheni."

Khalef akaenda kurekodi ndoo
inavyogonga ukuta wa kisima cha msikitini,
akarudi na mwangwi wa sekunde tisa
na viatu vilivyolowa.
Lali akamhoji nyanyake, Bi Sitirani:
"Mai haya yali matamu nalipoolewa."
Kitabu kingemsahihisha. Sauti haikumsahihisha,
*mai* yakabaki *mai*.

Halafu wakapanda paani na sahani tatu za bati:
maji ya jabia, maji ya kisima, maji ya bahari.
Kishikwambi kikaegemezwa matofali mawili,
picha moja kila dakika tano,
waya wa sola ukining'inia dirishani kama mkia.

Siku mbili zikakunjwa kuwa sekunde kumi na mbili.
Shukani, vivuli vilikimbia kama vimeitwa nyumbani;
maji yakajivuta kutoka ukingoni
yakawa kiganja, yakawa sarafu, yakaisha.
Ya bahari yaliacha ukoko mweupe.
Ya kisima, duara jembamba, kama pete.
Ya jabia, vumbi tu.

"Chumvi imebaki."
"Maji je?"
"Kunguru!" Khalef akaruka juu ya benchi.
"Rudisha! Rudisha nyuma!"
Tukarudisha. Kweli: picha moja, bawa jeusi,
mdomo ndani ya sahani ya jabia.
Darasa likapasuka kati kama tikiti.
Kayanywa! Hakuyanywa! Kayanywa yote!

Niliuma ulimi hadi nikaonja chuma.
Miaka kumi na minne nimelitamka neno *mvukizo*
na kuliandika, na kulipigia mstari,
na hakuna aliyewahi kuligombania.

"Kunguru mmoja," akasema Mwanajabu taratibu,
"sahani tatu?"
Bwanaheri, ambaye huwa hasemi,
akaleta kipande cha chandarua.
Wakaanza upya.

Jumatano akaja mkaguzi.
"Mwalimu, maelezo yako ubaoni yako wapi?"
Ubao ulikuwa mweusi kama ulivyonunuliwa.
Nikaonyesha juu.
Akapanda ngazi, viatu mkononi,
akainama, akainua chandarua,
akachovya kidole, akakilamba.
"Hii ya kisima," akasema.
"Umejuaje?" akauliza Khalef.
Mzee wa watu akaduwaa, akacheka,
kisha, naapa, akachovya tena.

Filamu yao haina mlima.
Mshale aliouchora Mwanajabu unaanzia baharini,
unapita juu ya mnara wa msikiti,
unashuka kwa mfereji wa paa hadi ndani ya jabia
na unaishia kwenye kikombe cha Bi Sitirani,
chenye kishikio kilichovunjika.

Nilidhani ndio mwisho.
Kumbe wameacha kipande cheusi, bila picha,
sauti ya kikongwe peke yake:
*mai haya yali matamu nalipoolewa.*
Chini yake, kwa herufi za Lali zilizopinda:
"Kwa nini yamebadilika? Bado hatujui."

Mimi najua kidogo.
Naligusa jibu mfukoni, limeshikana na vumbi la chaki.
Jumatatu tunaanzia hapo.
Nimeshawaomba ndoo, kamba ndefu,
na kila mzee anayekumbuka ladha.